Gereji ya Wasomaji: Breki nyepesi kwa Subaru ya kwenda nayo kazini

SWALI: Fundi, habari ya kazi. Niko na Subaru Impreza WRX STI ya 2006, ile wanaita hawkeye, imetoka Japani na breki zake za Brembo za dhahabu mbele na nyuma. Ndio gari yangu ya kila siku, Kikuyu mpaka Upper Hill na kurudi, jam zote za Waiyaki Way ni zangu, halafu wikendi tunateremka na wasee mpaka Naivasha, na kukiwa na shindano la kukimbizana na saa naingia hata kama namaliza wa mwisho. Sasa nataka kuifanya iwe nyepesi na kila mtu ananiambia nianze na breki kwa sababu eti uzito wa miguuni ni mbaya kuliko wa bodi. Kuna jamaa ananiuzia kalipa (zile zinazobana pedi kwenye diski) nyepesi za mashindano pamoja na diski za vipande viwili, mwingine anasema nishuke niweke diski ndogo za WRX ya kawaida na zile kalipa za Subaru za pistoni nne ndio nipate kuvaa rimu za 16, na fundi wangu wa mtaa anasema tutoboe tu matundu hizi nilizo nazo. Nimfuate nani?
– Msomaji, Kikuyu

JIBU: Huyo wa kutoboa mwambie asante na breki zako asiziguse tena. Diski ni chuma cha kusubu, ukikipitishia drili ya gereji kinaanza kupasuka palepale kwenye ukingo wa tundu, nywele ndogo za nyufa kwanza, halafu zinatembea mpaka zinakutana na tundu la pili. Na chuma ulichotoa ni gramu chache. Hatutarudi hapo.

Hao wengine wawili kila mmoja ana ukweli kidogo, lakini kuna kitu wanakuficha au hawajui. Diski haiko pale kushikwa na pedi tu, ipo kubeba moto. Gari yako na wewe ndani tuseme ni tani moja na nusu, ukiwa 100 kwa saa ukasimama kabisa umegeuza kama kilojuli 580 kuwa joto, na asilimia 70 hivi ya hilo joto inaenda mbele. Sasa chukua pete mbili za mbele, ile sehemu inayosuguliwa, tuseme kila moja ni kilo 8: kusimama mara moja kunazipandisha kama nyuzi 55. Zipunguze ziwe kilo 6 kila moja, kusimama kulekule kunazipandisha kama nyuzi 73. Mara moja hutasikia kitu. Fanya hivyo mara nane mfululizo ukiteremka na wasee wako, uone nani anafika chini akiwa na pedali. Sufuria jepesi linachemka haraka, basi, hakuna uchawi hapo. Na kama unapenda kwenda 140 badala ya 100 jua joto linakuwa karibu mara mbili, sio asilimia 40 zaidi vile watu wanafikiria, kwa sababu mwendo unazidishwa kwa mwendo.

Kwa hivyo swali la kumuuliza muuzaji ni: hizo kilo zimetoka wapi? Zikitoka kwenye pete, amekuuzia breki dhaifu kwa bei ya juu. Zikitoka kwenye kofia, ile sehemu ya katikati inayokaa kwenye hab, kitovu cha gurudumu, hapo tunaongea, maana kofia haifanyi kazi ya kubeba moto, na hiyo ndio maana ya diski ya vipande viwili ikiwa imetengenezwa na watu wenye akili, pete ni ya chuma, kofia ni ya aluminiamu, kipenyo na unene vinabaki vilevile vya kiwandani. Zako za mbele ni milimita 326 kwa unene wa 30, hakikisha anayokuuzia ni hiyo hiyo. Unaokoa kama kilo moja na nusu kila upande, wakati mwingine mbili. Usiamini karatasi, beba ile mizani ya kuning'iniza ya kupimia mabegi ya ndege, pima yake na upime yako ikishatolewa.

Sawa, umeokoa kilo tatu mbele. Sasa nikuharibie siku kidogo. Ukihesabu na ule uzito wa kuzunguka, hizo kilo tatu kwenye kuongeza mwendo zinafanya kazi kama kilo tatu na nusu hivi, yaani kama kuacha lita nne na nusu za petroli kituoni. Tenki yako ni lita 60. Ukitembea na nusu tenki umepunguza kilo 22 bure. Unachopata kwa diski nyepesi kiko kwingine, gurudumu linafuata barabara vizuri zaidi kwenye matuta madogomadogo, usukani unakuwa mwepesi kidogo kujibu, na hiyo utaisikia kama shokomzoba zako ni nzima, kama zimeisha hutasikia lolote utabaki kujidanganya.

Na kama shida ni uzito wa kuzunguka, diski ndio mahali pa mwisho pa kutafuta kwa sababu iko karibu na katikati. Kilo moja kwenye ukingo wa rimu ya 17 ni ngumu kuzungusha karibu mara nne kuliko kilo moja kwenye diski, na kilo moja kwenye uso wa tairi ni mara saba au zaidi. Watu wanalipa pesa nyingi kwa diski za vipande viwili halafu wanavaa rimu za 18 za kuiga, nzito kama jiko, na tairi la bei rahisi lenye kuta ngumu! Pima rimu yako na tairi pamoja kabla hujanunua kitu kingine chochote. Mara nyingi jibu lako liko hapo.

Kalipa sasa. Hizo Brembo zako ni za aluminiamu tayari, pistoni nne mbele, mbili nyuma, kwa hivyo ukibadilisha na nyingine ya aluminiamu unachookoa ni kidogo. Kalipa za mashindano ni nyepesi kweli, lakini angalia kitu kimoja kwa macho yako, usiulize: toa pedi, chungulia pistoni. Kuna mpira mwembamba wenye mikunjo unaofunika pistoni usiingie vumbi? Kalipa nyingi za mashindano hazina, kwa sababu kule zinafunguliwa na kuwekwa sili mpya kila baada ya muda mfupi. Yako itafunguliwa lini, na wewe ukitoka nyumbani tu uko kwenye murram? Vumbi linaingia, pistoni inakwaruzwa, inaanza kukwama, pedi moja inaisha na nyingine iko mpya, gari inavuta upande. Wilwood na AP Racing wanatengeneza za aina zote mbili, zenye mpira na zisizo na mpira, kwa hivyo jina peke yake halikwambii kitu. Ya jamaa yako ikiwa haina mpira, achana nayo hata akikupunguzia nusu bei.

Huyu wa diski ndogo simcheki kabisa. Kalipa za WRX za pistoni nne na diski ya 294 ni breki nzuri, ni nyepesi, na zinakuruhusu rimu za 16 zenye tairi nene, na kwa mashimo yetu tairi nene ni raha. Hata magari ya WRC, yale mashindano ya rali ya dunia, Safari Rally iliporudi kwenye ratiba yao 2021 pale Naivasha, yalikuwa yanakimbia na diski za milimita 300 kwenye vumbi wakati kwenye lami magari hayohayo yanavaa 370. Lakini kule kwenye vumbi tairi halishiki vya kutosha kuichosha breki, na rimu ya 15 ndio inataka hiyo diski ndogo iingie. Wewe unateremka Mai Mahiu, ule mteremko wa kwenda Naivasha, kwenye lami kavu na gari yenye nguvu ya STI. Tena kuna mambo ya kukuumiza kichwa: Brembo za nyuma zikibaki na mbele ukaweka ndogo, nyuma inaanza kufanya kazi zaidi ya ile Subaru walikusudia, na gari ikifungia nyuma kwenye kona yenye maji hutapenda. Lazima ubadilishe zote nne. Na rimu utakayotafuta ni ya 5x114.3, yaani matundu matano ya nati kwenye duara la milimita 114.3, kwa sababu STI kuanzia modeli ya 2005 iliacha 5x100, sasa rimu nyingi za 16 za Subaru utakazookota Grogan na Kirinyaga Road ni 5x100 na hazitaingia. Mimi ningeacha.

Diski za nyuma usiguse kwanza. Ndani ya kofia ya diski ya nyuma ndio kuna brekishuu za handibreki, zinasugua ukuta wa ndani wa kofia. Ukileta kofia ya aluminiamu tupu handibreki itaila. Zipo zenye pete ya chuma ndani, lakini bei inapanda na unachookoa kinapungua.

Kama ingekuwa yangu: ningebaki na Brembo, nifungue zote nne niweke sili na mipira mipya, maana zina karibu miaka 20 na hakuna anayejua Japani zilifanyiwa nini. Nitoe mafuta yote ya breki niweke mapya. Halafu pedi, na hapa ndio gari ya kila siku inatofautiana na ya mbio, pedi ya mbio ikiwa baridi haishiki, saa kumi na mbili asubuhi ukitoka Kikuyu na ukungu mtu anakata mbele yako kwa ghafla, wewe unakanyaga na gari inaendelea na safari. Pindua pedi uangalie pembeni au mgongoni, kuna maandishi marefu yanayoishia na herufi mbili, kama EE, FF, GG. Ya kwanza inaonyesha mshiko wa joto la kawaida, ya pili wa joto kali. E ni mshiko wa 0.25 mpaka 0.35, F ni 0.35 mpaka 0.45, G inapita hapo mpaka 0.55. Kwa matumizi yako tafuta FF ya kampuni inayojulikana, au GG kama huogopi vumbi jeusi kwenye rimu na mlio kidogo. Ukiona E inaanza na G inamalizia ujue asubuhi itakusumbua. Ukishafunga, zizoeze: toka kama 90 mpaka 20 mara nane hivi bila kusimama kabisa, halafu endesha taratibu zipoe, usikae umekanyaga pedali zikiwa na moto.

Pesa ikibaki, rimu nyepesi za 17 zinazopita Brembo, sio kila 17 inapita, kwa hivyo zijaribu kabla ya kulipa. Na pesa ikibaki tena, hapo ndio diski za vipande viwili mbele peke yake, siku ambayo hizi zako zimefika mwisho. Mwisho umeandikwa kwenye diski yenyewe, MIN TH, yaani unene wa chini kabisa, kwa hizo zako ni milimita 28. Na kwa taarifa yako, diski iliyoliwa mpaka 28 nayo ni nyepesi, kuna wengi Nairobi wanatembea na breki nyepesi bila kujua.

SWALI: Fundi mimi Forester XT, SG5, otomatiki. Nikiteremka Mai Mahiu pedali inakuwa laini, inashuka mpaka chini, nikifika kwa tambarare nikipumzika inarudi. Nimeambiwa diski zimechoka nibadilishe za STI. Ni kweli?
– Mama wa Forester, Nakuru

JIBU: Mama, hapana, na tafadhali usiteremke tena kabla hujashughulikia hili. Pedali ikishuka na kuwa laini, ni mafuta ya breki yamechemka, ndani kuna mvuke na mvuke unabonyea. Ingekuwa pedali ni ngumu kama kawaida ila gari haisimami, hapo pedi ndio zimezidiwa na moto. Ni magonjwa mawili tofauti na mafundi wengi wanayatibu kwa dawa moja, kukuuzia diski.

Mafuta ya breki yananyonya maji kutoka hewani polepole hata gari ikiwa imeegeshwa. DOT 3, daraja linaloandikwa kwenye chupa, ikiwa mpya inachemka nyuzi 205 au zaidi, ikishanyonya maji kiwango chake kinashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 na 155, DOT 5.1 ni 260 na 180. Yako pengine haijawahi kubadilishwa tangu meli iishushe Mombasa. Yabadilishwe yote, sio kuongeza juu, fundi atoe upepo gurudumu kwa gurudumu mpaka yatoke masafi, DOT 4 inatosha, na kila miaka miwili urudie. Ile DOT 5 tupu isiyo na nukta moja ni ya silikoni, usikubali iingie humo.

La pili ni namna ya kuteremka. Kila mita 100 gari inaposhuka kwa wima inamwaga joto sawa na kusimama mara mbili na nusu kutoka 100 kwa saa, na pale Mai Mahiu unashuka mamia ya mita. Toa gari kwenye D, weka 2, injini iikamate, breki uikanyage kwa nguvu kidogo kisha uachie ipoe, sio kuegemeza mguu kuanzia juu mpaka kanisa la Waitaliano. Ukisikia harufu ya pedi kuungua tafuta mahali pa usalama usimame, usimwagie maji diski.

SWALI: Kaka, niko Dar, nina Mark X. Nimeona diski zenye matundu na mistari, duka linasema ni nyepesi na zinapoza. Mvua za Dar nazijua mwenyewe. Ninunue?
– Msomaji, Tabata

JIBU: Kaka, zile za kiwandani zenye matundu sio sawa na za kutoboa mtaani, kuna magari ya bei kubwa yanatoka nazo. Lakini matundu siku hizi kazi yake kubwa ni sura, na kutoa filamu ya maji mvua ikinyesha, ambayo pedi nzuri inaifuta kwa mzunguko mmoja au miwili tu wa gurudumu. Uzito unaopungua ni ule chuma ungetaka kibaki. Mistari ina faida kidogo zaidi, inasafisha uso wa pedi, gharama yake ni pedi kuisha mapema na kuna sauti kama ya upepo ukifunga kutoka mwendo mkubwa. Kwa Mark X ya foleni ya Mandela nunua diski nzima zisizo na mapambo za kampuni inayojulikana, zenye njia za hewa katikati, na tofauti ya bei iweke kwenye tairi, maana kwenye mvua kinachosimamisha gari ni tairi, breki inafunga gurudumu tu.

SWALI: Assalam alaikum fundi. Nimenunua Porsche 911 iliyotumika hapa Muscat, ina kalipa za njano, yaani diski za seramiki. Ndio ninayoendea kazini. Rafiki zangu wanasema niziuze niweke za chuma kabla hazijanila pesa. Unasemaje?
– Msomaji, Muscat

JIBU: Waalaikum salam. Wewe ndio mtu wa pekee leo ambaye breki nyepesi amezipata tayari, na mimi nakwambia kaa nazo. Porsche walianza kuziweka 2001, na uzito wake ni kama nusu ya diski ya chuma ya ukubwa huo, na hapo uzito unapungua bila breki kuogopa moto kwa sababu seramiki inavumilia joto ambalo chuma kingekuwa chekundu. Hazipati kutu na hewa ya bahari ya hapo, hazina vumbi la kuchafua rimu, na kwa mtu wa kwenda kazini zinadumu sana. Kinachozimaliza ni siku za kwenye uwanja wa mbio, na ukitaka kufanya hivyo mara kwa mara basi hapo rafiki zako wana haki, watu wengi wanazitoa, wanazifunga vizuri nyumbani, wanaweka za chuma zenye kipenyo na unene uleule na pedi zinazofaa diski za chuma, halafu siku ya kuuza gari wanazirudisha.

Mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, uzito wa chini kabisa unaoruhusiwa umeandikwa kwenye diski, kwa hivyo zitolewe zipimwe kwa mizani safi, ndio utajua umenunua nini, kwa unene peke yake huwezi kujua. Pili, kila unapobadilisha tairi simama pale pale na mtu wa tairi. Rimu ikigonga ukingo wa diski unameguka, na diski moja ina bei ya kukukosesha usingizi. Kuna pini ndefu za kuongoza rimu iingie na kutoka moja kwa moja bila kuyumba, zitafute kwenye kifurushi cha vifaa kilichokuja na gari, kama aliyekuuzia hajazibakiza kwake. Na ukiteremka ile akaba, barabara ya mlimani, ya Bausher kwenda Al Amerat tumia gia vilevile, seramiki inavumilia lakini mafuta ya breki yako ni yaleyale ya Forester ya Nakuru.